Makanisa na Ndoa Isiyo na Mtoto

Siku hizi swali hili humfikia mchungaji au katekista kabla ya kumfikia daktari. Mume na mke wamefunga ndoa kanisani, wamekaa miaka saba au minane bila mtoto. Wamesikia redioni, au wameona kwenye simu, kwamba kuna hospitali zinazoweza kuchukua yai la mke na mbegu ya mume, zikavikutanisha nje ya tumbo, kisha zikakirudisha kiinitete ndani ya mama. Wakifanya hivyo, wametenda dhambi?

Katika kata kama Migato, iliyokuwa ya wilaya ya Bariadi na sasa iko Itilima, mkoani Simiyu, jibu hutolewa upesi. Wengine husema ni kumsaidia Mungu kazi yake, kwa hiyo ni kufuru. Wengine husema daktari ni mtumishi wa Mungu, basi twendeni. Majibu yote mawili yana kasoro ileile: hayaulizi makanisa yenyewe yalisema nini, lini, na kwa sababu gani. Mimi nataka kuanzia mbali kidogo na maabara. Nataka kuanzia kwenye zizi la ng'ombe.

Kwa Wasukuma, ng'ombe wa mahari hawakuwa zawadi tu kwa wazazi wa binti. Ndio walioamua watoto ni wa ukoo gani. Hans Cory, mtaalamu wa serikali ya kikoloni aliyekusanya sheria za mila za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 1953, aliandika kurasa nyingi juu ya mahari, talaka na watoto, na humo mambo hayo matatu hayatengani. Ndoa ikivunjika ng'ombe hurudishwa, na watoto waliozaliwa huhesabiwa katika kurudisha. Katika utaratibu wa namna hiyo, nyumba isiyo na mtoto ilikuwa na huzuni, na zaidi ya huzuni ilikuwa ni hesabu isiyofungwa.

Hesabu hiyo ilikuwa na njia zake za kufungwa. Kwanza mfumu, mganga, aliyetafuta mzimu gani umekasirika. Kisha mke wa pili, wakati mwingine mdogo wake mke wa kwanza. Mtoto wa ndugu aliweza kuja kulelewa nyumbani. Na jirani zetu wa kaskazini, Wakurya wa Mara, walikuwa na desturi ambayo wengi wameisikia, nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, analipa mahari kwa ajili ya binti, binti huyo anazaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto wanahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama mkubwa.

Naomba msomaji asicheke. Uzazi wa kusaidiwa haukuletwa na Wazungu. Ulikuwapo, ulikuwa na sheria zake na gharama zake kwa ng'ombe, na karibu kila mara ulimhitaji mtu wa tatu aingie katika ndoa. Biblia nayo inaijua hali hii vizuri sana. Sara alimtoa Hajiri kwa Ibrahimu. Elkana alikuwa na Hana asiye na mtoto na Penina mwenye watoto, na maneno ya Penina ndani ya nyumba ile yanaeleweka bila mfasiri katika boma lolote la Usukumani.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo Nassa, kando ya ziwa, sehemu ambayo leo ni wilaya ya Busega katika mkoa huuhuu wa Simiyu. Mwaka 1909 kituo hicho kilipokewa na Africa Inland Mission, na kutoka hapo likakua kanisa tunaloliita AIC. Waadventista wa Sabato kutoka Ujerumani waliingia mashariki ya ziwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa Wakatoliki, Bariadi ilihesabiwa katika eneo la Maswa, na mwaka 1956 likawa jimbo la Shinyanga chini ya Askofu Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll la Marekani.

Hawa wote walitofautiana katika ubatizo, Sabato, Papa na mambo mengine mengi. Katika jambo moja walikuwa kitu kimoja: hakuna mke wa pili. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Lambeth, London, na kuamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, bali abaki kufundishwa mpaka atakapokuwa tayari kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani. Wakatoliki na wamisionari wa Kiinjili hawakuhitaji Lambeth kuwaambia hivyo, kwani walishaamini vilevile. Na pamoja na mke wa pili yalikataliwa maagano mengine yote yaliyomleta mtu wa tatu, na kwenda kwa mganga, na talaka kwa sababu ya ugumba.

Sisemi walikosea. Ndoa ya mume mmoja na mke mmoja imewalinda wanawake wengi wasiokuwa na mtetezi. Lakini ni lazima tuone kilichotokea. Kanisa lilifunga milango yote ambayo mgumba alikuwa akiijua. Lilimwambia abaki na mume wake, na mume alimwambia abaki na mke wake, kwa maana ndoa yao ni kamili hata bila mtoto. Mafundisho hayo ni mazuri kuliko tunavyokumbuka. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1662 kina sala ya kuomba watoto katika ibada ya ndoa, na maelekezo kwamba sala hiyo iachwe kama bibi arusi amepita umri wa kuzaa. Ndoa hufungwa vilevile. Ila mafundisho hayo yalibaki vitabuni. Mimbarani ilisikika zaidi baraka ya watoto wengi, na mke asiye na mtoto aliketi akisikiliza.

Anayefunga milango ana deni kwa waliobaki ndani. Hilo ndilo jambo ambalo historia ya mabishano ya huko Ulaya haituambii, kwa sababu huko mabishano yalianzia mahali pengine.

Huko yalianza kwa siri na kwa aibu. Mwaka 1884 daktari mmoja wa Philadelphia, Marekani, William Pancoast, alimlaza mke wa mtu kwa dawa ya usingizi akampandikiza mbegu za mwanafunzi wa udaktari, bila mama yule kujulishwa. Habari ilichapishwa mwaka 1909 tu. Roma ilikuwa imeshaulizwa juu ya upandikizaji wa mbegu kwa ujumla, na mwaka 1897 ikajibu kwa maneno machache: hairuhusiwi. Uingereza, tume ya Askofu Mkuu wa Canterbury ilitoa taarifa yake mwaka 1948. Ilikataa kabisa mbegu za mtu wa nje, lakini ikaona kwamba mbegu za mume mwenyewe zingeweza kutumika katika hali fulani. Mwaka uliofuata Papa Pius XII aliwaambia madaktari Wakatoliki kwamba hata mbegu za mume haziruhusiwi kama njia hiyo inachukua nafasi ya tendo la ndoa. Daktari anaweza kulisaidia tendo hilo lifikie lengo lake, asiweke kitu kingine badala yake. Mwaka 1956, mwaka uleule Shinyanga ilipokuwa jimbo, aliwaambia wataalamu wa uzazi kwamba majaribio ya kutunga mimba ya binadamu katika chupa ni kinyume cha maadili.

Kwa hiyo jibu la Roma lilikuwa mezani miaka 22 kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa njia hiyo.

Mtoto huyo, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Waraka wa Papa Paulo VI juu ya uzazi, Humanae Vitae, ulikuwa umetiwa tarehe 25 Julai 1968. Miaka kumi kamili, siku ileile. Ni bahati tu, lakini mambo haya mawili yanafaa kusomwa pamoja, kwa sababu hoja ya Kanisa Katoliki ni moja yenye pande mbili. Waraka ulisema upendo wa ndoa na uzazi visitenganishwe: tendo la ndoa lisizuiwe kwa makusudi kuzaa. Upande wa pili wa hoja hiyohiyo ni kwamba mtoto asitungwe pasipo tendo la ndoa.

Wengi hawajui namna Louise alivyopatikana. Mama yake alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba. Daktari Patrick Steptoe na mwanasayansi Robert Edwards, pamoja na muuguzi Jean Purdy, walichukua yai moja tu la mzunguko wa kawaida wa mwezi, bila dawa za kuongeza mayai. Mbegu ilikuwa ya mume. Kiinitete kilikuwa kimoja, kikarudishwa kwa mama yake. Hakukuwa na mtu wa tatu, wala kiinitete cha ziada cha kugandishwa au kutupwa. (Kazi ya maabara iliyotangulia miaka mingi ni habari nyingine, na wenye kulalamikia viinitete vilivyotumika huko wana haki ya kulalamika.)

Wiki chache baadaye Kardinali Albino Luciani wa Venice aliulizwa na waandishi wa habari. Alisema hakubaliani na njia hiyo, lakini alimtakia mtoto heri, na akasema hana haki ya kuwahukumu wazazi, ambao huenda walitenda kwa nia safi mbele ya Mungu. Mwezi huohuo wa Agosti alichaguliwa kuwa Papa, Yohane Paulo I, akaishi siku 33 tu. Nimeona watu wakiyatumia maneno yake kana kwamba aliruhusu. Hakuruhusu. Ila alionyesha namna ya kusema hapana mbele ya mama aliyelia miaka mingi, na namna hiyo ni adimu.

Tarehe 22 Februari 1987 Roma ilitoa Donum Vitae, hati iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger. Ilikataa mbegu au yai la mtu wa nje, ikakataa mwanamke wa nje kubeba mimba, ikakataa kuharibu viinitete. Hayo Wakristo wengi wa madhehebu yote wangeyapokea. Lakini ilikataa pia kesi nyepesi kuliko zote: mume na mke, mbegu yao na yai lao, bila kiinitete kupotea. Sababu yake ni kwamba mtoto ana haki ya kuwa tunda la wazazi wake kupeana wenyewe, asiwe kitu kilichotengenezwa na fundi, hata fundi awe mwema. Hati ilikubali kwamba kesi hii si mbaya kama zile nyingine, na ikasema kila mtoto azaliwaye apokelewe kama zawadi hai ya Mungu. Mwaka 2008 hati nyingine, Dignitas Personae, ilirudia msimamo huo na kuongeza suala la viinitete vilivyogandishwa, ambavyo kufikia hapo vilikuwa vimerundikana katika nchi nyingi na kumwacha kila mtu bila jibu jema.

Ndani ya Ukatoliki wenyewe hakukuwa na sauti moja. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji, ilikuwa ikiwahudumia wanandoa kwa njia hii kabla ya 1987 na haikuacha baada yake.

Waprotestanti walifuata njia ya tume ile ya 1948. Kikundi cha kazi cha Kanisa la Uingereza kilikubali mwaka 1985 kwamba njia hii inaweza kuwafaa wanandoa. Waadventista waliweka miongozo yao mwaka 1994: nafasi ipo kwa mume na mke, lakini wajihadhari na mtu wa tatu na kuheshimu uhai wa kiinitete. Wainjili wengi walinyamaza, wakidhani suala hili ni la Wakatoliki, mpaka mwaka 2024. Februari mwaka huo Mahakama Kuu ya jimbo la Alabama, Marekani, iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa ni watoto mbele ya sheria ya jimbo hilo inayohusu vifo vya watoto. Juni, mkutano wa Wabaptisti wa Kusini ukapitisha azimio la kuwaonya waumini juu ya njia hii na viinitete vinavyopotea. Kanisa lililokuwa na wanandoa wengi waliokwisha kupata watoto hivyo likajikuta linauliza mwaka 2024 swali la mwaka 1978.

Tukiyaweka yote pamoja, makanisa yamekuwa yakibishana juu ya mambo matatu, na huku kwetu tunayachanganya kuwa moja. La kwanza ni mtu wa tatu: je, mbegu, yai au tumbo la mtu asiye wa ndoa hii liingie? La pili ni kiinitete: vitengenezwe vingapi, na visivyotumika viende wapi? La tatu ni tendo lenyewe: je, mimba iweza kutungwa na mikono ya daktari? Katika la kwanza makanisa karibu yote yanasema hapana. Katika la pili yanatofautiana kwa ukali. La tatu ndilo linalomtenga Mkatoliki na wengine.

Mimi ni Mprotestanti, na katika la tatu sioni Maandiko yakinifunga. Mkono wa daktari ukitoa mtoto kwa upasuaji hatusemi mtoto ametengenezwa. Hata hivyo hoja ya Ratzinger si ya kupuuzwa na mtu anayetoka Usukumani, maana sisi tunajua vizuri mtoto anapogeuka kuwa kitu kilicholipiwa. Katika la pili naona kila mume na mke wanaokwenda hospitalini wana wajibu wa kumuuliza daktari kabla hawajalipa chochote: mtatunga vingapi, mtarudisha vingapi, vingine mtavifanya nini? Daktari asiyetaka kujibu si wa kumwachia mambo haya. Yai moja liliwezekana Oldham. Nafasi ya kufanikiwa kwa yai moja ni ndogo, na gharama huongezeka kwa sababu hiyo, lakini uamuzi huo ni wa wanandoa na wasifanyiwe kimyakimya.

Na katika la kwanza, la mtu wa tatu, nashangaa tunavyosahau. Mzee anayesema mbegu za kupandikiza ni mambo ya Wazungu mara nyingi ndiye yuleyule anayemshauri kijana wake atafute mwanamke pembeni ili ukoo usife. Kanisa lilikwisha kumjibu mzee huyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Afrika Mashariki huduma hii ilianza Kampala, katika hospitali ya Daktari Edward Tamale Sali, ambako mtoto wa kwanza wa Uganda kwa njia hiyo alizaliwa mwaka 2004. Nairobi ikafuata mwaka 2006 chini ya Daktari Joshua Noreh. Tanzania vituo binafsi vilitangulia, na katika miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili imeanzisha huduma hiyo Mloganzila. Kenya na Uganda wabunge wamepeleka miswada ya kuiongoza kazi hii. Sheria yetu ya Ndoa ni ya mwaka 1971, miaka saba kabla ya Louise Brown, na haikuweza kuliwaza jambo hili.

Kutoka Migato safari ni ndefu, na gharama ya jaribio moja huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Kwa lugha ya nyumbani hilo ni zizi. Ng'ombe walitoka mara ya kwanza kwa mahari, sasa watoke mara ya pili, na hata katika vituo bora vya Ulaya majaribio mengi huisha bila mtoto. Mchungaji anayesema tu kwamba inaruhusiwa, bila kuitaja hesabu hii, hajamshauri mtu.

Kuna jambo ambalo halikuhitaji hati ya Roma wala azimio la mkutano. Katika miaka ya 1980 utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara sehemu kubwa ya ugumba hutokana na maambukizi, hasa magonjwa ya zinaa na maambukizi ya baada ya kujifungua au kuharibika kwa mimba, ambayo huziba mirija. Mirija ileile iliyoziba ya mama yake Louise. Maambukizi hayo huzuilika na hutibika mapema kwa dawa za kawaida, kwa bei ambayo haiuzi ng'ombe. Makanisa yalijenga Kolandoto, yalijenga Bugando, na makanisa hayo hayakuyakataa matibabu hayo. Hakuna pia kanisa linalokataza mume kupimwa. Lakini ni mara ngapi jambo hilo limesemwa katika mafundisho ya ndoa? Mke huzungushwa kwa waganga na hospitali miaka mitano, na mume hajapimwa hata siku moja. Tatizo la mume lina tiba yake pia, na mwaka 1992 watafiti wa Brussels walitangaza njia ya kuingiza mbegu moja moja kwa moja ndani ya yai, kwa ajili ya waume wenye mbegu chache. Watu wengi bado wanadhani mambo haya yote ni ya wanawake.

Mwaka 1988 maaskofu wa Kianglikana walikutana tena Lambeth. Askofu David Gitari wa Kenya alileta hoja, na mkutano ukakubali kwamba mwanamume mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini, akiahidi kutooa tena, asilazimishwe kuwafukuza aliokuwa nao. Msimamo juu ya ndoa haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba walitazama nani anaumia. Ilichukua miaka 100.

Wakati huo huo watoto wanazaliwa, na wengine wataletwa kanisani Bariadi na Itilima. Mkatoliki atamleta kwa ubatizo, wa AIC na Mwadventista watamleta awekwe wakfu. Padri au mchungaji atauliza jina la mtoto, jina la baba, jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Daftari halina safu nyingine.